Macho ya Ukuta

Siku ya mtihani Timazi alinyoa ndevu mara mbili. Mara ya kwanza alinyoa kama kila siku. Mara ya pili alinyoa kwa ajili ya watu wasiomtakia mema.

"Unakwenda kwenye mtihani au unakwenda kuposa?" mkewe aliuliza kutoka jikoni.

"Yote mawili ni kusimama watu wakukague meno."

"Basi funga vifungo sawasawa. Umeruka kimoja."

Alijitazama kifuani, akafungua vyote, akaanza upya kutoka chini. Hakupenda kitu kilichokwenda upande. Ndiyo maana mafundi wenzake walimpa jina la Timazi, ule uzi wenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni ambao mwashi huuning'iniza kujua kama ukuta umesimama wima. Yake alikuwa nayo mfukoni hata siku za mapumziko. Kazi ya uashi alikuwa ameiacha miaka tisa iliyopita, magoti yalipokataa ngazi, lakini timazi hakuiacha.

Kwa miaka hiyo tisa alikuwa akiwatembeza wageni katika mji wa kale, kutoka lango kuu hadi kisima cha zamani, mwendo wa saa moja na nusu. Hakuna aliyemfundisha. Alisema alichokijua, na alichokijua alikijua kwa mikono, kwa sababu nusu ya kuta za mle ndani aliwahi kuzipaka chokaa au kuzishindilia mawe. Sasa ofisi ya wageni ilikuwa imetoa amri mpya: kila mtembezaji apimwe, apewe beji. Asiye na beji asionekane na mgeni ndani ya lango.

Pamoja na amri wakaleta karatasi. Kurasa kumi na moja, za kukariri neno kwa neno.

Kukariri hakukumsumbua. Timazi alijifunza kusoma akiwa na miaka thelathini na minne, katika madarasa ya jioni, chokaa ikiwa bado kwenye kucha, akikaa kwenye dawati la watoto huku magoti yakigusa kidevu. Mtu aliyeipata alfabeti kwa jasho namna ile haogopi kurasa kumi na moja. Kwa wiki moja alikuwa amezimeza zote.

Mmoja tu ndio uliomkwama kooni. Ukurasa wa saba, mistari minane.

"Nisomee tena," mkewe alisema, akimwekea chai mezani.

"Unaijua."

"Naijua. Napenda kukusikia ukiumia."

Timazi akaikunjua karatasi kwa mkono ulionyooka. "'Matundu mnayoyaona katika Ukuta Mrefu ni majeraha ya risasi za vita vya siku tatu. Kwa mujibu wa fundi mmoja mkongwe, risasi zilinyesha kama mvua ya mawe, hata kunguru wakauhama mji...'"

"Fundi mmoja mkongwe!" Mkewe alicheka hadi akashika meza. "Hata kunguru wakauhama mji! Mzee wangu, ulikuwa na maneno wewe."

Yeye hakucheka.

Ilikuwa hivi. Miaka arobaini na mitano iliyopita, Timazi akiwa kijana, alikuwa juu ya jukwaa na wenzake wakiukarabati ukuta ule. Akatokea mwalimu mmoja mwenye viatu vinavyong'aa na daftari mkononi. Hakuwaamkia. Akapaza sauti kutoka chini, "Nyie huko juu! Matundu haya ni ya nini?" Timazi, ambaye wakati huo hakujua a wala be, aliiona dharau ile hata kutoka kule juu. Akajibu kwa sauti ya huzuni kubwa habari za risasi, mvua ya mawe na kunguru. Mwalimu akaandika. Wenzake walicheka mpaka mmoja akaangusha mwiko.

Mwalimu akaenda zake, kikatoka kitabu. Na Timazi alipojua kusoma, kitabu hicho kilikuwa miongoni mwa vitatu vya mwanzo alivyoazima katika kabati la madarasa ya jioni. Akafungua, akakutana na utani wake umelala pale kwa herufi za kiwandani, umevaa heshima. Alijifunza kusoma ili asidanganywe na mtu, akamkuta mwongo wa kwanza kitabuni ni yeye. Alikifunga. Hakumwambia mtu ila mkewe. Mwalimu alikwisha kufariki, na wale wa juu ya jukwaa pia walikuwa wametangulia, mmoja mmoja.

"Mistari minane tu," mkewe alisema, sasa bila kucheka. "Iseme, chukua beji, kesho useme yako. Nani atakufuata?"

"Mimi nitajifuata."

"Beji ndiyo inayokutoa nyumbani, usisahau. Bila kazi hii utakaa hapa kutwa ukinipimia masufuria kama yamekaa sawa."

"Nitawaambia ukweli wa matundu kwa adabu. Habari za huyo fundi sitazigusa."

"Haya. Wewe na adabu yako." Akamkung'uta bega ambalo halikuwa na vumbi.

*

Langoni walikuwa wanamsubiri. Mkuu wa ofisi ya wageni, kijana wa suti na viatu vyenye ncha, alimshika mkono kwa mikono miwili. "Shikamoo, mzee wangu! Leo ni kukamilisha tu utaratibu."

"Marahaba, mwanangu. Utaratibu haukamiliki kabla haujaanza."

Pembeni alisimama mkaguzi, dada mkimya mwenye ubao wa kuandikia na fomu mbili zilizobanwa pamoja na karatasi ya kunakilia katikati. Na wageni walikuwa wanawake wanane wa kikundi cha ushonaji, waliojichangisha kwa ajili ya matembezi haya. Kiongozi wao alikuwa mama mnene mwenye pini nne zilizochomekwa kwenye ukosi wa gauni, hata siku ya matembezi. Wenzake walimwita Mama Sindano.

"Babu, unatembea haraka?" aliuliza. "Sisi kazi yetu ya kukaa."

"Natembea kama ukuta, mama. Mtanikuta nilipo."

Wakacheka, wakaingia.

Alianza vizuri, hata mkaguzi alionekana kutia alama bila kusita. Aliwaonyesha uchochoro ambao pembe za nyumba zake zimekatwa duara kwa chini na kubaki kali kwa juu. Karatasi ilisema hayo ni mapambo ya mafundi wa kale. Timazi aliyasema maneno ya karatasi kama yalivyo, kisha akaongeza, "Na mapambo haya yanaishia pale pale mzigo wa mkokoteni unapoishia. Mafundi wa kale walipenda sana mapambo yasiyokwaruza magunia." Mkuu alikohoa. Wanawake wakapitisha viganja kwenye pembe zile.

Mbele ya nyumba ya mizani, na mbele ya ngazi ya mawe iliyolika katikati, alisema ya kwenye karatasi, maana yalikuwa kweli. Hakuwa mbishi wa bure. Alichokataa ni kitu kimoja, na kitu hicho kilikuwa kinakuja baada ya kona.

Ukuta Mrefu ulikuwa na urefu wa hatua mia mbili na kimo cha watu wanne. Kutoka chini hadi juu ulikuwa na matundu, mengine wazi, mengine yamezibwa kwa jiwe. Timazi akasimama.

"Ukurasa wa saba, mzee," Mkuu alimkumbusha kwa upole.

"Wageni wangu," Timazi alisema, "matundu haya si ya risasi. Ni ya kazi. Mwashi akijenga ukuta mrefu hana pa kusimama, kwa hiyo huacha tundu, hutia mti, juu ya miti hulaza mbao, hapo akapata jukwaa. Akimaliza safu hiyo anapanda ya juu. Sisi mafundi tuliyaita macho ya ukuta."

Mkuu akatabasamu kwa wageni kama mwenye nyumba ambaye mtoto wake ametoa siri mezani.

"Mzee wetu anatania. Ukweli ni kwamba hapa palipiganwa vita vya siku tatu."

"Vita vilikuwepo," Timazi alisema. "Vilipiganwa kule ng'ambo, kwenye daraja. Huu ukuta haukupigwa hata jiwe la manati."

Mama Sindano alikuwa amesogea karibu. Akafumba jicho moja, kama anayetazama mshono. "Hebu samahani, baba wa suti. Hao askari walipiga risasi kwa futi?"

"Kwa vipi, mama?"

"Nauliza tu. Tundu hili na lile, hatua moja na nusu. Lile na la pale, hatua moja na nusu. Juu vivyo hivyo. Mimi mwanafunzi wangu akinipangia vifungo namna hii nampa cheti. Askari gani huyo mwenye mkono huo?"

Wenzake wakaangua kicheko. "Labda walikuwa wakipiga kwa zamu!" mmoja alisema. "Bwana, sogea kidogo, hapa ni pangu!"

Mkuu hakucheka. Alifungua mkoba, akatoa kitabu chembamba chenye jalada lililochakaa, na Timazi akakitambua mara moja. Alikijua hata doa lake.

"Haya si maneno yangu," Mkuu alisema. "Kitabu kimeandikwa kabla sijazaliwa. Mwandishi alimhoji fundi mkongwe wa mji huu, hapa hapa ukutani. Mzee wangu, nakuheshimu. Lakini wewe unaujua ukuta huu kuliko fundi huyo? Unamjua wewe?"

Hapa palikuwa na njia mbili, na Timazi aliziona zote. Angeweza kusema simjui. Fundi yule hakuwa na jina kitabuni. Ingebaki neno la mzee mmoja dhidi ya neno la mzee mwingine, na heshima yake isingeguswa. Aliingiza mkono mfukoni, akaishika timazi, ikawa nzito kuliko siku zote.

"Namjua," alisema. "Nimelala naye kitanda kimoja miaka sabini na miwili."

Mkuu hakuelewa. Mama Sindano alielewa kwanza, akaweka mkono mdomoni.

"Fundi huyo ni mimi. Na hakuwa mkongwe, alikuwa na miaka ishirini na saba na mdomo mrefu. Mwalimu alikuja hapa hakutuamkia, nikaona nimkomoe. Nikamtungia risasi, nikamtungia mvua ya mawe. Kunguru nao niliwaongeza mwenyewe, maana siku ile mmoja alikuwa ameninyea begani." Masikio yalikuwa yanawaka, lakini aliendelea. "Nilidhani nimemkomoa yeye. Nimewakomoa watoto wote waliokisoma. Hilo nimelibeba tangu nijue kusoma, na leo nalitua hapa."

Hakungoja jibu. Alipiga goti, na goti likalia kama mlango, akapapasa safu ya chini mpaka akalipata jiwe alilolitaka. Akalitikisa kushoto, kulia, likatoka lote mkononi mwake kama jino la mtoto. Halikuwa na chokaa hata chembe. Nyuma yake palikuwa na tundu la mraba, safi, lenye pembe nne.

"Risasi ya pembe nne," alisema. "Nani anaitengeneza?" Akaingiza fimbo yake ya kutembelea. Ikazama imenyooka, na mkono wake nao ukaingia hadi kiwiko. Kisha akainuka, akaushikilia uzi wa timazi mbele ya tundu la juu kadiri mkono ulivyofika, kipande cha risasi kikashuka, kikayumba, kikatulia. Kilisimama katikati kabisa ya tundu la chini. "Risasi pekee iliyowahi kuugusa ukuta huu ni hii yangu."

"Mama yangu," Mama Sindano alisema taratibu. "Ni bandi."

"Bandi ni nini?" Mkaguzi aliuliza. Ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza.

"Uzi wa kushikizia, dada. Kabla ya kushona nguo unaipiga bandi ikae sawa. Ukimaliza unautoa uzi, lakini ukiitazama nguo vizuri unaona vitundu vilipopita. Mvaaji haoni. Fundi anaona."

"Hapo umesema," Timazi alisema, akamtazama mama huyo kwa heshima ya fundi kwa fundi. "Ila sisi hatuzibi kabisa. Tunaweka jiwe kavu, bila chokaa, kwa sababu ukuta utachoka, na atakuja fundi mwingine ambaye hatutamwona. Akute pa kutia mti wake. Baba yangu alinichapa kofi mara moja tu kazini, siku nilipoziba jicho kwa chokaa. Alisema, umemfungia mtu mlango ambaye hajazaliwa."

Mwanamke mmoja aliliomba lile jiwe, akalipima mkononi, akampa wa pili, likazunguka.

Mkuu alimvuta Timazi pembeni. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye mabango yaliyokwisha kuchapishwa. "Mzee wangu, nisikilize. Wageni wanapenda vita. Nani atapanda gari mwendo wa saa nane kuja kutazama matundu ya mafundi?"

"Sisi," Mama Sindano alisema nyuma yake.

Mkuu alifumba macho kidogo. "Mistari minane. Iseme tu, hata kwa kunong'ona, dada atie alama. Yaliyotokea nimeyasahau. Beji iko mfukoni mwangu hapa, ina picha yako."

"Ilitoka vizuri?"

"Nini?"

"Picha."

"Ilitoka vizuri sana."

"Basi itunze," Timazi alisema. "Mimi huu uongo niliutoa bure. Siwezi kuununua tena kwa beji."

Mkuu akamgeukia mkaguzi. "Andika. Hakufuata maelezo. Amefeli."

Dada akaandika. Timazi akanyoosha mkono, akaomba asome, maana mtahiniwa ana haki hiyo na yeye alikuwa ameisoma kanuni yote, hata maandishi madogo ya chini. Akavaa miwani. Akasoma. Akatikisa kichwa.

"Hapana, binti yangu. 'Hakufuata maelezo' ni la mtu aliyesahau. Mimi sikusahau."

Akavua kofia, akasimama wima mbele ya ukuta, akaikariri mistari yote minane, mkato na nukta mahali pake, kutoka majeraha ya risasi hadi kunguru, kwa sauti ya darasani ambayo ungeweza kuitumia kupimia imla. Hata walinzi wa upande wa pili wakageuka. Alipomaliza akavaa kofia.

"Huo ndio uongo wangu, neno kwa neno. Naujua kuliko yeyote. Nimekataa kuusema kama ukweli. Liandike hilo."

Mkaguzi alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anajifuta jasho, simu inaita. "Andika anachotaka, tumalize," akasema, akaipokea.

Dada akakata mstari wa kwanza kwa rula, akaandika polepole mstari mpya, akikandamiza kalamu ili nakala itoke. Kisha akauliza, bila kuinua uso, "Jukwaa ni kwa 'a' mbili, sio?"

"Mbili zinatosha, mwanangu."

Baada ya kisima walirudi ofisini. Mkuu akatia saini, fomu ikapigwa muhuri, kwa kuwa kila fomu hupigwa muhuri, ya kufaulu na ya kufeli. Nakala akapewa yeye.

*

"Umerudi bila beji," mkewe alisema alipomwona mlangoni.

"Nimerudi na karatasi."

Aliisoma akiwa amesimama, akaisoma tena akiwa amekaa. Mwishoni mkewe akauliza, "Na habari za kunguru umesema?"

"Nimesema zote."

"Mbele ya watu?"

"Wanane, na wawili wa ofisi."

Akainuka, akaingia chumbani. Alisikika akifungua droo, akifunga, akifungua nyingine. Alirudi na jalada la plastiki lililokuwa limehifadhi cheti cha Timazi cha madarasa ya jioni, na pini mbili.

"Cheti chako kitakaa bila nguo siku kadhaa," alisema. "Simama. Usipumue, nisikuchome."

Asubuhi yake, saa tatu, mlinzi wa lango kuu alimwona Timazi akija, amenyoa mara moja tu, karatasi inang'aa kifuani. Nyuma yake walikuwa Mama Sindano na wawili wa kikundi chake ambao wangeondoka na gari la mchana, na watu wengine watano waliosimuliwa habari ile katika nyumba ya wageni usiku.

"Mzee, beji?"

"Hii hapa."

Mlinzi aliinama, akasoma kwa sauti, akifuata kwa kidole. "'Amekataa kuwaambia wageni kwamba matundu ya jukwaa ni matundu ya risasi.'" Akainua uso. "Mzee, hii si beji. Hii inasema umefeli."

"Soma nimefeli nini."

Akasoma tena, midomo ikicheza. "Muhuri ni wetu," akakiri.

"Ni wenu. Saini ni ya Mkuu wenu. Mimi sina nilichoongeza ila pini."

"Lakini huruhusiwi kuongoza wageni."

"Siongozi mtu. Nakwenda kutazama kuta zangu. Nami ni mzee, nikitembea husema peke yangu kwa sauti, tena kubwa. Hao walio nyuma sijui wanakwenda wapi. Waulize."

"Tunakwenda kutazama bandi," Mama Sindano alisema.

Mlinzi alitazama dirisha la ofisi juu ya lango. Pazia lilisogea kidogo, likarudi. Hakuna aliyeita. Akakuna shingo, akaondoa mguu wake njiani.

Siku hiyo Timazi hakuanzia langoni, wala penye pembe za duara. Alikwenda moja kwa moja hadi Ukuta Mrefu, akapiga goti mbele ya safu ya chini, akalivuta jiwe.